Ufunguo wa Kopo

Walituita ukumbini Tononoka, Jumamosi baada ya alasiri.
Feni moja yazunguka, tatu zimekufa.
Daktari Mwachiro akatundika karatasi ukutani:
sukari, robo kilo kwa kila kichwa kwa mwezi,
mafuta, chupa moja ya soda kwa kila nyumba,
kadi ya kijani, muhuri, jina la mwenye mji.
"Si adhabu," akasema. "Ni dawa kabla ya dawa."
Akaanza kuhesabu miguu iliyokatwa mwaka huu,
nami nikawa navitazama viatu vya watu.

Bi Zuwena wa mahamri hakungoja kipaza sauti.
"Mimi nakanda kilo sita kabla ya adhana ya alfajiri.
Robo yako, daktari, ni ya kuwadanganyia siafu.
Nipe kadi, kisha nipe na karo ya shule."

Salmin, mwenye duka Kibokoni, alinyamaza.
Twamjua.
Salmin akinyamaza, magunia yanahamia uani.

Ndipo Kitsao, hamali wa Marikiti,
akapanda juu ya benchi, unga ungali mabegani,
akatutongea:

    Sukari ninaibeba, magunia sihesabu,
    kwa ujira wa kibaba, na mgongo wa taabu,
    leo mwaja na mahaba, mwanipimia kababu?
    Mpimeni aloshiba, njaa haina tabibu!

Ukumbi ukalipuka. Vijana wakagonga viti,
na daktari mwenyewe akacheka, akafuta miwani.

Mwanakheri, muuguzi, alisubiri kelele zichoke.
"Kitsao, ubeti wako mtamu.
Huo utamu ndio kesi yenyewe.
Nami pia ni hamali, hukujua?
Nabeba ndoo yenye kifuniko
kutoka chumba cha upasuaji hadi tanuri la nyuma,
na ndani mna mguu usio na mtu.
Njaa ya zamani tuliijua kwa mbavu.
Hino ya sasa yanenepa, yavaa vizuri,
yaja kliniki na chupa ya soda mkononi."

Hakuna aliyegonga kiti.

Nikainua mkono. Sijui kwa nini, mimi si msemaji.
Nikasema tumepanga foleni ya maji,
tumepanga foleni ya unga, ya kitambulisho, ya maiti,
na sasa tupange foleni ya kijiko?
Nikasema mtu mzima hapimiwi kinywa chake.
Wakanishangilia. Bi Zuwena akanipiga pajani.
Nikaketi,
na ufunguo ulioning'inia shingoni kwa uzi
ukanigusa kifua, baridi, ndani ya buibui.

Nyumbani mama yu kitandani, mguu juu ya mto,
vidole vitatu, viwili walivichukua Rajabu.
Kopo lipo pale pale juu ya kabati,
kopo la maziwa ya unga, tundu mbili, kufuli ndogo
niliyoinunua Mwembe Tayari
siku nilipomkuta anakunywa shira ya kaimati, gizani, kwa bakuli.

"Mkutano ulikuwaje?"
"Tumeikataa kadi, mama."
"Hongera."
Akanyoosha kikombe cha mkandaa.
"Basi nifungulie."

Nikasimama na uzi mkononi.
"Kijiko kimoja," nikasema. "Kile cha asubuhi umeshakunywa."
"Serikali hii ya kwako," akasema, "mimi sikuipigia kura."
Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Nikafungua.
Nikachota, nikakisawazisha kijiko kwa kidole
kama siku zote, chembe za juu zirudi koponi,
nikakoroga, nikafunga, kufuli ikalia tiki.
Mama hakukitazama kikombe.
Aliushika mkono wangu, ule wa kusawazishia,
akaleta kidole mdomoni
akakiramba, taratibu, macho yamefumbwa,
kama alivyokuwa akiniramba mimi uso
nikitoka kuiba asali.

Hiyo, hata kadi ya kijani
haina mahali pa kuiandika.